Saba Yenye Mkanda na Gari la Zambarau

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Adhana inaishia juu ya mapaa ya Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, Marekani, na katika gereji ya mbao iliyo nyuma ya nyumba ya kupanga, taa imekwisha kuwaka. Jadzia Sobczak, mwenye umri wa miaka sabini na mitano, analamba ncha ya uzi wa zambarau, anafumba jicho moja, kisha anaupitisha kwenye tundu la sindano kwa mara moja tu.

Cherehani yake ni nzito kama jiko la chuma. Aliinunua kwa fundi viatu wa mtaa wa pili siku fundi huyo alipostaafu, naye akamwongezea mkebe wa sindano bila kumdai senti. Mkebe huo bado uko dirishani.

"Kila nikitoa sindano namwombea," anasema Jadzia. "Alijua nimetoka kiwandani mikono mitupu, na wala hakunisemea popote."

Kazi yake ni kushona viti vya magari. Watu humletea magari ya zamani, yale ya milango miwili yenye injini za silinda nane, naye huyavika viti upya. Seti moja humchukua siku tisa na humwingizia dola elfu moja na mia moja, ambazo karibu nusu yake huishia kwenye ngozi bandia, sponji na uzi. Pensheni ya kiwanda ni dola mia mbili na kumi na nne kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Lakini viti vya asubuhi hii, vya kijani, havina malipo. Ni vya Challenger ya mwaka 1970, ya rangi ya zambarau, inayolala nyumba tatu kutoka hapa, katika gereji ya mdogo wake, Stefa Wilk. Gari hilo liliwahi kuwa la Jadzia. Tangu aliuze, miaka arobaini na mitano iliyopita, hajaacha kulionea wivu, na wala hafichi.

"Wivu ni dhambi, najua. Nimeuungama," anasema, mguu ukiwa juu ya pedali. "Padri wa kwanza alinipa sala. Wa pili akanipa sala. Wa tatu akaniuliza injini ilikuwa ya ukubwa gani."

Mwaka 1970 Jadzia alikuwa na miaka kumi na tisa, mkaguzi kwenye mstari wa kuunganishia magari, umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwao. Kila dakika gari moja lilisogea mbele yake, boneti wazi. Alivuta nyaya moja moja kuona kama zimekaza, kisha akaandika alama kwenye bati la nyuma ya injini kwa krayoni ya njano. Kila mkaguzi alikuwa na alama yake. Yeye alipewa saba.

Aliiandika saba kama alivyofundishwa na baba yake, aliyekuja kutoka Poland na sanduku moja: saba yenye mstari mfupi katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Wenzake kiwandani hawakuwa wakiiandika hivyo. Msimamizi alimwita pembeni.

"Sobczak, mbona unaikata saba yako? Umeikosea?"

"Sijaikosea. Ndiyo saba ya kwetu."

"Basi ikate, lakini fanya haraka, gari linapita."

Baba yake aliandika saba hiyo hiyo mahali pengine pia. Kila tarehe sita Januari, alirudi kutoka kanisani na chaki iliyobarikiwa, akapanda kigoda, akaandika juu ya mlango wa nyumba herufi za wale wafalme watatu waliokwenda kumsujudia mtoto Yesu, na tarakimu za mwaka. Miaka ya sabini yote ilipita juu ya mlango ule, na kila mmoja ulikuwa na mkanda wake. Jadzia na Stefa walishika kigoda, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule, wakigombana ni nani anayekitikisa.

Mwaka 1972 Jadzia alikwenda kuangalia magari yaliyotumika, akiwa na dola elfu moja na mia sita alizoweka tangu aanze kazi. Muuzaji alimfungulia boneti ya Challenger ya zambarau ili amwoneshe ukubwa wa injini. Jadzia hakuangalia injini. Aliangalia bati la nyuma yake, akaiona saba ya njano, na mkanda kiunoni.

"Nikamwambia, hili ni langu. Akasema, bado hujalipa. Nikamwambia, hilo la kulipa ni jambo jingine."

Anapoanza kueleza alivyolibadilisha gari lile, mashine inasimama na mikono inatoka mezani. Alikata tundu la hewa juu ya boneti kwa mkasi wa bati wa baba yake, akalifunika kwa bati alilolipinda kwa nyundo ya mbao. Aliweka kabureta kubwa zaidi. Aling'oa bomba la moshi na kuweka mawili. Kirungu cha gia alikichonga kutoka kwenye mguu wa kitanda cha bibi yake. Na baa ya pembeni ya kiwanda ilipovunjwa, alikwenda na toroli, akabeba ngozi ya kijani ya makochi ambayo baba yake alikalia kila Ijumaa, akashona nayo viti kwa uzi wa zambarau. Hivyo ndivyo alivyojifunza kushona.

"Nilishona kwa mikono miezi minne. Vidole vilivimba kama soseji. Gari likawa linanukia bia kidogo siku za joto. Nililipenda hivyo hivyo."

Siku moja ya mwaka 1974, kwenye taa za barabara ya Woodward, mwanamume mmoja mwenye gari jekundu alishusha kioo.

"Mama, gari la mumeo hilo?"

"Langu."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Sijui. Labda naye nilimwacha kwenye taa kama nitakavyokuacha wewe."

Taa ikawa kijani. Yule bwana, anasema Jadzia, aliiona namba ya nyuma tu, na hata hiyo hakuimaliza kuisoma.

Katika shangwe zile alifanya kosa moja, na hulitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja marehemu. Alitaka chumba cha injini king'ae, akapaka rangi nyeupe kila mahali. Kabla ya kupaka alichovya kitambaa kwenye petroli, akaifuta saba.

"Wakati ule alama zile zilikuwa uchafu. Kila mwenye gari alizifuta. Nikasema, si mkono ni wangu? Nitaandika nyingine siku nikitaka." Anatikisa kichwa. "Sikutaka tena mpaka likawa si langu."

Norbert Wilk, tarishi wa posta, alikuja kwao kwa sababu ya gari. Alilizunguka mara tatu, akaomba asikie injini, akakaribishwa supu. Stefa ndiye aliyeileta supu.

"Alikuja kuangalia gari, akaondoka na mdogo wangu," anasema Jadzia. "Baada ya miaka saba akarudi, akachukua na gari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ingawa Norbert hakumlazimisha mtu. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa 1980. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki, na mama akapooza upande mmoja. Jadzia alikaa mwaka mzima bila kazi ya maana. Mwaka 1981 Norbert alimpa dola elfu moja na mia tisa, ambazo zilikuwa nyingi kuliko bei ya gari wakati ule. Mara nyingine Jadzia hukumbuka kutaja jambo hilo, mara nyingine hulisahau. Stefa na mumewe wakahamia nyumba ya wazazi ili wamtunze mama, na nyumba ikabaki kwao. Jadzia akapanga nyumba tatu mbele.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa, kwa miaka thelathini na minane, Jadzia aliusikia mlango wa gereji ya Norbert ukifunguka. Aliisikia injini ikiwaka. Alisikia gia ya kwanza, ya pili, na hapo alishika meza.

"Alikuwa anaingiza gia ya tatu mapema mno. Kila Jumapili. Gari linakohoa, nami nakohoa. Nikaanza kuwasha cherehani siku za Jumapili ili nisisikie. Padri nikamwambia ni kazi ya dharura."

Norbert alipofika mbele ya nyumba ya Jadzia alipiga honi mara mbili. Jadzia hakuwahi kutoka. Aliichukua honi ile kama kejeli.

Pamoja na hayo, Stefa hakuacha kumletea supu ya bitiruti. Hata katika majira walipokuwa hawasemezani, bakuli liliachwa kizingitini limefunikwa sahani. Na Jadzia hakurudisha bakuli tupu. Alilirudisha limeoshwa, ndani mna mayai matatu, au mto wa sindano, au hundi ndogo ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Majirani wa mtaa ule walijua kama akina dada wamenuniana kwa kuangalia bakuli: likipita mkononi, wameelewana, likiachwa kizingitini, bado.

Norbert alifariki mwaka 2019. Gari likakaa kimya gerejini miaka saba, na Jadzia akagundua kwamba ukimya ni mbaya kuliko gia ya tatu.

Mwanzoni mwa mwaka huu Stefa alileta habari pamoja na bakuli. Alikuwa amelipeleka Challenger kwa Cornell Mabry, fundi wa Detroit anayerudisha magari ya zamani kama yalivyotoka kiwandani. Kila kitu kilichobadilishwa kingeondolewa. Agosti gari lingepelekwa kwenye maonyesho, na likipata pointi mia tisa na hamsini kati ya elfu moja, lingepewa cheti cha dhahabu. Kulikuwa na mnunuzi kutoka Arizona aliyeahidi dola laki moja na ishirini elfu, mradi cheti kipatikane.

"Arizona," alisema Jadzia.

"Paa linavuja, dada. Na watoto hawalitaki."

"Hukuniuliza mimi kama nalitaka."

"Una laki moja na ishirini?"

Jadzia hakuwa nayo. Alikuwa na uzi. Wiki iliyofuata bakuli liliachwa kizingitini.

Mwezi Mei, Mabry mwenyewe alikuja gerejini kwake. Ni mtu mpole wa miaka hamsini na minane, anayevua kofia kabla ya kuingia karakana ya mwenzake. Alikuwa ameulizia mji mzima ni nani anayejua kushona viti vyeusi vya Challenger kwa mishono ile ile ya kiwandani, na kila mtu alimtajia jina moja.

"Mama Jadzia, nimeambiwa gari hili unalifahamu."

"Nalifahamu vizuri kuliko mwenye nalo."

"Basi utanisaidia?"

"Nikusaidie kulipeleka Arizona?"

Mabry alikaa kwenye kiti. Alisubiri mpaka Jadzia alipomaliza mshono mmoja, na wa pili. Mwishowe Jadzia akasema vile viti vya kijani visiguswe na mtu mwingine. Vikihitaji kung'olewa, ataving'oa yeye mwenyewe. Kwa hiyo aliichukua kazi. Kwa siku tisa alishona viti vyeusi ambavyo vingeliondoa gari mtaani, na mishono ilikuwa minyofu kiasi kwamba Mabry aliipiga picha. Ngozi ya kijani ya zamani ilikuwa imepasuka vibaya, haifai tena. Jadzia aliikunja hivyo hivyo, akaiweka chini ya kitanda.

Siku ya kuvifunga viti, mwezi Julai, alikuta gari limesimama katikati ya gereji ya Mabry. Boneti lilikuwa jipya, halina tundu. Rangi nyeupe ya chumba cha injini ilikuwa imeondolewa yote. Mabry alikuwa na kitabu kinene cha picha za magari yalivyotoka kiwandani kifuani, na mkononi kibao cha plastiki chenye umbo la namba saba, na krayoni ya njano.

"Unafanya nini hapo?"

"Naweka alama ya mkaguzi. Magari ya mstari ule yalikuwa na saba. Mwamuzi huitafuta."

"Unalipwa kuchafua?"

"Nalipwa kuchafua panapostahili uchafu, Mama. Hii namba ni pointi tano."

Jadzia alikitazama kile kibao. Saba yake ilikuwa imesimama wima, haina mkanda. Alimwambia Mabry kwamba siyo hiyo. Mabry akamwonesha picha. Jadzia akasema huyo aliyechora kitabu aliona mstari akadhani ni mkwaruzo. Mabry akauliza amejuaje. Na Jadzia, ambaye hakuwahi kumwambia mtu, hata Stefa, akamwambia.

Mabry alivua kofia, ingawa karakana ilikuwa yake. Akampa krayoni.

"Ilinichukua sekunde moja," anasema Jadzia. "Miaka hamsini na sita, na mkono haukuuliza njia."

"Mama Jadzia," Mabry alisema baada ya kuitazama, "mwamuzi atakata pointi."

"Basi ifute."

Mabry alifunga kitabu, akakiweka kabatini. Hakuifuta, na hakumpigia simu Stefa.

Alipoulizwa kama aliandika vile kwa makusudi ili gari lisiuzwe, Jadzia alibana kwanza vipande vya kijani kwa pini. "Siwezi kudanganya nikiwa na umri huu. Moyo haukuwa safi. Nilitamani lisipite. Lakini mkono ulikuwa safi. Sijui kuandika saba nyingine."

Maonyesho yalikuwa Jumamosi ya pili ya Agosti, mwendo wa saa moja kusini mwa Detroit. Magari yalipangwa kwenye majani, na nyuma ya kila gari wenye nalo waliketi kwenye viti vya kukunja kama watu wa msibani. Mabry alilileta Challenger juu ya trela. Stefa alivaa gauni la harusi ya binti yake. Jadzia alikuja kwa basi, akabaki amesimama, mpaka Stefa alipokunjua kiti cha pili. Alikuwa ametoka nacho nyumbani.

Mwamuzi, bwana mrefu kutoka Ohio, alianza saa nne. Alilala chini ya gari. Alihesabu vibanio vya nyaya. Akaisifu mishono ya viti, na Stefa akasema, "Dada yangu huyu." Mwishowe akainama juu ya injini na taa ya mkononi.

"Nina habari njema na habari ndogo," alimwambia Stefa. "Gari lina pointi mia tisa na hamsini na mbili. Lakini hii saba imekatwa katikati. Kitabuni haina mstari. Nikiihesabu kama kosa, natoa tano."

Mnunuzi wa Arizona, mwenye kofia pana, alikuwa amesogea kusikiliza.

"Niliandika mimi," Jadzia alisema kutoka kitini. "Nilikuwa mkaguzi pale. Saba ilikuwa yangu."

Mwamuzi hakumdharau. Alimwelekea kwa heshima. "Bibi, kila mwaka nakutana na watu watatu wanaosema waliandika alama hizi. Sisemi si kweli. Nasema nina kitabu." Kisha akamgeukia Stefa. "Ni krayoni tu, Mama. Ufute huo mstari mdogo, ubakize saba. Mimi nakwenda kula. Nikirudi nitaangalia tena."

Mabry alitoa kitambaa safi mfukoni, akampa Stefa, kwa kuwa gari ni lake.

Stefa aliinama chini ya boneti. Hakuwahi kuinama pale maisha yake yote. Injini zilikuwa mambo ya dada yake na ya mumewe. Alikaa ameinama hivyo mpaka mnunuzi akakohoa.

"Dada," alisema bila kuinuka. "Hii ni saba ya baba."

"Ndiyo."

"Ile ya mlangoni."

"Ndiyo hiyo."

"Ulikuwa unaiandika kwenye magari ya watu?"

"Siku nzima. Moja kwa dakika."

"Na hukuniambia."

"Ungesema ndiyo maana nachelewa kurudi kuosha vyombo."

Stefa aliinuka. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu, akaketi. Mwamuzi aliporudi na haradali shavuni, saba ilikuwa na mkanda wake.

"Hukufuta, Mama?"

"Wewe andika unachoandika," Stefa alimwambia. "Nyumbani kwetu saba ni hiyo."

Pointi zikawa mia tisa na arobaini na saba. Mnunuzi alishika ncha ya kofia, akawatakia siku njema, akaenda kuangalia gari la bluu.

Jioni, Mabry alipoanza kushusha ngazi za trela, Stefa alitoa funguo mkobani, akampa dada yake. Stefa hajui klachi. Jadzia alikaa nyuma ya usukani na kuwasha injini. Mabry aliwafuata nyuma na trela tupu, taa zake zimewashwa, njia nzima, asije mtu akawagonga.

Ilikuwa katika safari ile ndipo Stefa alipolisema lake. Jadzia hulisimulia polepole, kwa sababu anasema ndilo lililomuuma kuliko Arizona.

"Aliniambia, 'Miaka thelathini na minane nimekaa kwenye kiti ulichokishona wewe. Norbert akigusa gia, anasema Jadzia alichonga hii. Upepo ukiingia bonetini, anasema Jadzia alikata hapa. Jumapili ilikuwa siku yangu na mume wangu, na wewe ulikuwa katikati yetu. Nikasema nitalirudisha gari mpaka mwanzo kabisa, mahali ambapo wewe hupo. Nimetumia pesa yote ya bima ya Norbert. Nimefika mwanzo, nakukuta umeandika.'"

Jadzia alimuuliza kuhusu zile honi mbili.

"Alikuwa anakuita," Stefa alimjibu. "Kiti cha nyuma hakuruhusu tuweke kitu. Alisema siku moja Jadzia atatoka."

Jadzia aliliegesha gari pembeni kwanza. Mabry naye akaegesha, akangoja, hakushuka kuuliza.

Wivu haujaisha. Yeye mwenyewe anasema hivyo, na ukimtazama anavyogeuza shingo mlango wa gereji ya Stefa unapolia, utamwamini. Lakini wivu huo umepata kazi ya kufanya. Mabry hakuwa ametupa kitu: boneti lenye tundu, mabomba mawili na kirungu cha gia vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti, kila kimoja na karatasi yenye jina. Mwezi huu anavirudisha bila malipo ya ufundi. Na Jadzia amefungua roli ya ngozi ya kijani aliyoibakiza tangu baa ilipovunjwa, mita sita, ambayo hakuwahi kujua anaiwekea nini.

Paa la Stefa bado linavuja. Jadzia ameshona turubai kubwa lenye pete za chuma, na vijana wa duka la mkate la Wayemeni lililo pembeni wamepanda kulifunga. Wakalipwa kwa supu.

Saa mbili kasorobo, mlango wa gereji unafunguliwa bila kubishwa. Stefa anaingia na bakuli mikononi. Anaviangalia viti viwili vilivyokamilika, anakalia kimoja, anajitikisa.

"Hiki kinanibana, dada."

"Hakikubani. Umenenepa."

"Norbert hakuwahi kusema."

"Norbert alikuwa anaangalia barabara."

Mpango wao ni Agosti ijayo: kulirudisha gari kwenye maonyesho yale yale, safari hii kwenye kundi la magari yaliyobadilishwa, ambako hakuna kitabu. Jadzia ataendesha. Stefa anasema atajifunza klachi kabla ya hapo, na Jadzia anamwomba Mungu alinde giaboksi.

Lakini kabla ya Agosti kuna Januari. Tarehe sita, Stefa hutoka kanisani na chaki na kupanda kigoda cha baba, na mwaka utakuwa 2027. Tangu 2017 hakujatokea saba juu ya mlango ule. Safari hii, wamekubaliana, wataandika juu ya mlango wa gereji pia.

"Nani ataandika?" Stefa anauliza, akifunua bakuli.

"Wewe andika mbili, sifuri, na mbili," anasema Jadzia bila kuinua macho kwenye mshono. "Saba niachie mimi."

"Kila kilicho kizuri, wewe."

"Mimi? Nyumba unayo. Gari unalo. Mume ulikuwa naye."

Stefa anachukua kijiko. Anakichovya kwenye supu na kumpa dada yake ashike.

"Basi chukua saba," anasema. "Kigoda nitashika mimi."